Taa ya Injini Inapowaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Mlaji mwenye gari dogo mjini Songea hulitegemea kwa mengi: kuwapeleka watoto shuleni, kumfikisha mgonjwa hospitalini, au kupanda milima ya Umatengo kuelekea Mbinga. Siku taa ya manjano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika, wengi huingiwa na hofu, na mwenye hofu hulipa asichodaiwa. Somo hili linaeleza maana ya taa hiyo, namna ya kutambua chanzo chake, na mambo ya kudai kabla ya kulipia sensa mpya.

Maana ya taa

Kompyuta ya gari hupokea taarifa kutoka kwa sensa mbalimbali: ya oksijeni iliyo kwenye bomba la ekzosi, ya hewa inayoingia kwenye injini, ya joto la maji, na nyinginezo. Taarifa isipolingana na kiwango kinachotarajiwa, kompyuta huwasha taa na kuhifadhi msimbo wa hitilafu.

Taa ikiwaka bila kumeta, na gari likaenda kama kawaida, liendeshe taratibu na ulipeleke kwa fundi mapema. Ikimeta, mafuta hayaungui sawasawa ndani ya silinda, na mafuta hayo yanaweza kuharibu masega ya ekzosi, ambayo ni kifaa cha gharama kubwa. Punguza mwendo, simama mahali salama, uite fundi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, au mshale wa joto ukipanda kupita kiasi, hiyo ni hatari nyingine: simama na kuzima injini mara moja.

Msimbo ni dalili, si hukumu

Kosa linalowagharimu walaji ni kudhani kwamba msimbo hutaja kipuri kilichokufa. Msimbo hutaja mahali pa kuanzia uchunguzi. Kwa mfano, P0135 huonyesha hitilafu katika njia ya umeme inayopasha joto sensa ya kwanza ya oksijeni. Huenda sensa imeharibika. Huenda pia fyuzi imeungua, waya umekatika, au soketi imeingia kutu.

Msimbo P0171 huonyesha kwamba hewa imezidi mafuta. Sababu yaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, au pampu ya mafuta iliyodhoofika. Mara nyingi sensa ya oksijeni hapo imeleta habari tu. Kuibadilisha ni kumwadhibu mjumbe, na wahenga walisema mjumbe hauawi.

Hatua za uchunguzi

1. Omba misimbo yote isomwe kwa mashine na kuandikwa kabla ya kufutwa. Kufungua terminali ya betri kwaweza kuizima taa na kufuta kumbukumbu, lakini hakuponyi ugonjwa. Taa itarudi baada ya siku chache, na fedha yako itakuwa imekwenda.
2. Kagua kwa macho fyuzi, waya, soketi na mipira ya hewa. Waya unaogusa ekzosi huyeyuka.
3. Sensa ipimwe. Kwa msimbo kama P0135, fundi huchomoa soketi na kupima kipasha joto cha sensa kwa mita. Umeme usipopita kabisa, kipasha kimekatika. Kipimo kikilingana na kitabu cha gari, tatizo litafutwe kwenye waya na fyuzi.

Kununua na kufunga

Linganisha namba iliyo kwenye sensa ya zamani na ile ya mpya. Umbo pekee halitoshi: magari mengi ya Toyota hutumia, kabla ya masega, sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo hufanana na ya oksijeni lakini haiwezi kuchukua nafasi yake. Jihadhari na sensa ya mtumba, kwani umri wake uliobaki hauonekani kwa macho.

Wakati wa kufunga, ekzosi iachwe ipoe na terminali hasi ya betri ifunguliwe. Sensa ya oksijeni katika magari mengi hufunguliwa kwa spana ya milimita 22. Mpya ianze kuzungushwa kwa mkono ili isiharibu hesi, na ncha yake isiguswe na oili wala grisi. Baada ya hapo msimbo ufutwe, gari liendeshwe kwa siku kadhaa, kisha lipimwe tena. Kuzimika kwa taa siku hiyohiyo hakutoshi kuwa ushahidi wa matengenezo.

Haki zako

Kabla ya kazi kuanza, pata makadirio yanayotenganisha gharama ya kupima, kipuri na ufundi. Baada ya kazi, dai risiti ya EFD, dhamana kwa maandishi, na kipuri cha zamani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Ukiuziwa kipuri bandia, au ukidanganywa kuhusu ubora wake, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani ukiwa na risiti na kipuri chenyewe. Bila vielelezo hivyo, lalamiko la haki huwa gumu kuthibitishwa.

Maswali ya kujipima

1. Taa inayometa inakutaka ufanye nini?
2. Kwa nini msimbo wa sensa hautoshi kuwa sababu ya kununua sensa?
3. Utahifadhi vielelezo gani baada ya matengenezo?