Mguu unauma, au nimeumia mguu?

*Mwalimu, shikamoo. Nasoma kidato cha pili, Ifakara. Niliteleza kwenye jaruba la mpunga nikateguka kifundo cha mguu. Daktari mgeni nilimwambia "My leg hurts". Akaniuliza habari za homa, hakujua kabisa kuwa nimeanguka. Nilikosea wapi?*
*Msomaji, Ifakara*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Sarufi yako ilikuwa sahihi, ila ulisema "mguu unaniuma", nawe ulitaka kusema "nimeumia mguu".

Kiswahili hutenganisha mambo haya kwa viambishi: mguu unauma, mtu anaumia, mwingine anamuumiza. Kiingereza hulitumia "hurt" lile lile kwa yote, na mpangilio wa maneno ndio unaoamua maana. Kiungo kikitangulia, ni maumivu: "My leg hurts". Ukitangulia wewe, ni ajali: "I hurt my leg". Hata kwa tukio la jana neno ni "hurt", wala usiongeze "-ed". Maneno makali yakikuumiza moyo, kitenzi ni hicho hicho.

Hatari zaidi naiona kwenye "kuumwa", maana sisi huumwa malaria na huumwa na nyoka. Aliyeng'atwa shambani asitafute "hurt" hata kidogo. Aseme "A snake bit me", na awahi hospitali saa hiyo hiyo.

Siku nyingine anza na tukio, "I fell", kisha onyesha panapouma. Kiingereza kikikwama, omba muuguzi akutafsirie. Ni haki yako kueleweka. Na kama kifundo bado kimevimba au hukikanyagii, rudi ukapimwe.