Chuchu Bandia: Mambo ya Kupima Kabla ya Kumpa Mtoto

SOMO LA AFYA YA MAMA NA MTOTO

Katika vibanda vya Mtwapa, Malindi na Mariakani, chuchu bandia huuzwa pamoja na soksi na kofia za watoto wachanga. Wengi huiita pasifaya. Ni kitu kidogo cha mpira au silikoni, bei yake si kubwa, na aghalabu huingia nyumbani bila kujadiliwa: imeletwa na shangazi pamoja na zawadi nyingine, au imenunuliwa haraka baada ya usiku wa tatu wa mtoto kulia. Mama anapompeleka mtoto kliniki kwa chanjo ya wiki sita, muuguzi anaikuta tayari iko mdomoni.

Swali ambalo wazazi huuliza ni fupi: ni mbaya au si mbaya? Jibu la neno moja halipo. Inategemea umri wa mtoto, jinsi anavyonyonya, maji yanayopatikana nyumbani, na mtu anayekaa naye mchana. Mzazi anayeyajua mambo hayo manne anaweza kuamua mwenyewe, na uamuzi wa jirani yake si lazima uwe wake.

Mtoto hunyonya hata akiwa ameshiba

Kunyonya si chakula pekee. Watoto huonekana kwenye picha za ultrasound wakinyonya kidole wakiwa bado tumboni. Baada ya kuzaliwa, kunyonya humtuliza mtoto, humsaidia kupata usingizi na hupunguza maumivu ya sindano. Kwa watoto njiti wanaolishwa kwa mpira wa puani, hospitali huweza kutumia chuchu bandia ili mtoto ajizoeze kunyonya na ahamie kwenye titi mapema. Mama akikuta muuguzi wa wodi ya watoto njiti anaitumia, asishangae. Hayo ni matibabu, na yana msimamizi.

Nyumbani hali ni tofauti, kwa sababu utulivu ule ule unaosifiwa ndio unaoweza kuficha njaa. Hapa ndipo penye uzito wa somo hili.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Dalili za njaa huanza kabla ya kilio. Mtoto hugeuza kichwa akitafuta titi, hufungua mdomo, huingiza ngumi mdomoni, huhangaika. Kilio huja mwisho. Chuchu bandia ikitiwa mdomoni wakati wa dalili hizo, mtoto atatulia na huenda akalala, na zamu moja ya kunyonya itakuwa imepotea. Zamu moja si neno. Zamu mbili au tatu kila siku kwa wiki mbili ni jambo jingine kabisa.

Sababu ni kwamba titi hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa. Likinyonywa mara nyingi, huongeza. Likibaki limejaa kwa saa nyingi, mwili hupokea ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki, na hupunguza. Mama hajui kwamba jambo hilo linaendelea. Anachokiona ni titi laini na mtoto asiyeridhika, kisha anasema maneno ambayo kila muuguzi wa kliniki ameyasikia: maziwa yangu hayatoshi. Mtu mzima nyumbani anashauri uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe. Mtoto wa miezi miwili anaanza kupewa chakula ambacho tumbo lake haliko tayari kukipokea, na kwa maji ambayo huenda si salama.

Si haki kuitupia chuchu bandia lawama zote, kwani mama wengi huanza uji mapema bila kuwahi kuiona. Lakini Kilifi haina nafasi ya kupuuza hata chanzo kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, KDHS, ulionyesha kwamba asilimia 37 ya watoto walio chini ya miaka mitano katika kaunti hii wamedumaa, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote, wakati kiwango cha taifa ni asilimia 18. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba asilimia 60 ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita hunyonya maziwa ya mama pekee.

Kwa hiyo, kabla ya kuinunua, mzazi aangalie kwanza mtoto wake anavyokua. Mtoto mchanga hupungua uzito kidogo siku za mwanzo na kwa kawaida huurudisha kufikia wiki mbili. Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya mwanzo, wengi huongezeka takribani gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza, na mkojo wake hauna rangi kali. Mstari wa uzito kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto ukiwa umelala au unashuka, mazungumzo ya chuchu bandia yasubiri. Mtoto huyo anahitaji titi, na mama anahitaji kuonana na muuguzi amwonyeshe namna ya kumpakata na kumshikisha titi vizuri.

Ushauri umebadilika

Wazazi wengine huchanganyikiwa kwa sababu waliambiwa mambo tofauti walipojifungua miaka tofauti. Kuna ukweli ndani yake. Hatua Kumi za kunyonyesha, zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 1989, zilisema waziwazi kwamba mtoto anayenyonya asipewe chuchu bandia. Mwaka 2018 hatua hiyo ya tisa iliandikwa upya. Sasa wahudumu wanatakiwa kumshauri mama kuhusu matumizi na hatari za chupa, nyonyo za chupa na chuchu bandia. Marufuku imekuwa ushauri.

Mabadiliko hayo hayakutoka hewani. Majaribio mawili yaliyojumlisha watoto zaidi ya 1,300 waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi hayakuona tofauti ya maana katika unyonyeshaji hadi miezi minne kati ya waliopewa na wasiopewa. Ila mama hao walikuwa na nia thabiti ya kunyonyesha. Aliye peke yake, amechoka na hana wa kumwelekeza, asichukue matokeo hayo kuwa ruhusa ya kuitumia ovyo.

Ushauri wa kati unaofaa wengi ni huu: mzazi anayetaka kuitumia asubiri hadi kunyonya kushike vizuri, jambo ambalo kwa wengi huchukua wiki tatu hadi nne au zaidi. Na hata baada ya hapo, mtoto anapolia, titi litangulie. Kisha aangaliwe kama amelowa, anasikia joto, ana gesi tumboni au anataka tu kubebwa. Chuchu bandia ije nyuma ya hayo yote. Akiikataa, asilazimishwe, wapo watoto ambao hawaitaki kabisa na hawapungukiwi na chochote.

Maji, sabuni na sufuria

Ushauri mwingi unaosomwa mitandaoni huandikwa kwa watu wenye bomba jikoni. Kwa familia inayonunua maji kwa mtungi au kuyachota mbali, swali la usafi lina gharama yake. Chuchu bandia mpya huchemshwa dakika tano kabla ya kutumiwa. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita huchemshwa mara kwa mara, na kila ikianguka huoshwa kwa maji safi na sabuni. Huanguka mara ngapi kwa siku? Mzazi aliye na mtoto anajua. Kuipangusa kwa leso si kuisafisha, na kuifyonza kisha kuirudisha kwa mtoto humwambukiza vijidudu vya mdomo wa mtu mzima, vikiwemo vinavyotoboa meno. Nyumba ambayo haiwezi kuyafanya haya kila siku ina sababu tosha ya kuiacha, kwa sababu kuhara kwa mtoto mchanga si jambo dogo.

Isipakwe sukari wala asali. Sukari huozesha meno yanapochomoza. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, sumu inayolegeza misuli ya mtoto hadi ashindwe kunyonya na hata kupumua. Mwaka 2018 watoto wanne katika jimbo la Texas, Marekani, walilazwa kwa ugonjwa huo baada ya kutumia chuchu bandia zenye asali. Mtoto asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa njia yoyote ile.

Wakati wa kununua, kipande kimoja kisichofunguka ni salama kuliko kilichounganishwa. Ngao yake iwe pana kiasi kwamba haiwezi kuingia mdomoni yote, na iwe na matundu ya hewa. Ivutwe kwa nguvu kabla ya kulipwa. Ikipasuka au kunata, itupwe. Isifungwe kamba shingoni mwa mtoto, hata kama kamba hiyo ni nzuri yenye shanga na jina lake, kwani inaweza kumnyonga akiwa amelala.

Usingizi

Kuna faida moja ambayo madaktari wa watoto wa Marekani huitaja: kumpa mtoto chuchu bandia anapolazwa kumehusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla usingizini. Kwa anayenyonya, wao pia hushauri kungoja hadi kunyonya kushike. Ikidondoka baada ya mtoto kulala, isirudishwe. Faida hiyo haichukui nafasi ya mambo ya msingi: mtoto alale chali, juu ya godoro gumu, bila mito wala nguo nzito karibu na uso, ndani ya neti yenye dawa.

Mama anaporudi kazini

Mara nyingi chuchu bandia huingia nyumbani siku mama anaporudi kazini. Likizo ya uzazi kisheria ni miezi mitatu, na mama anayeuza samaki au mboga hana hata hiyo. Mtoto anaachiwa bibi au msichana wa kazi, na anayeachiwa anatafuta cha kumnyamazisha. Hapo inafaa mama aseme waziwazi, tena kwa upole unaomfaa mtu mzima: "Bibi, akilia mpe kwanza maziwa niliyokamua. Hiyo nyingine ni ya kumlalisha tu." Maziwa yaliyokamuliwa hupewa kwa kikombe kidogo kisafi au kijiko, na yasikae nje ya friji zaidi ya saa nne; kwa joto la Pwani, heri muda uwe mfupi zaidi.

Aliyeajiriwa ana haki ambayo wengi hawaidai. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamua maziwa, na ampe mama mapumziko ya kufanya hivyo, yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula.

Kuiacha

Baada ya miezi sita, hesabu hubadilika. Matumizi ya muda wote huongeza maambukizi ya sikio. Nchini Finland, wazazi walioshauriwa kuipunguza baada ya umri huo walipunguza maradhi hayo kwa watoto wao kwa asilimia 29. Ikiendelea kupita miaka miwili au mitatu, meno ya mbele huanza kuacha pengo na taya hubadilika. Ikiachwa mapema, kasoro hizo kwa kawaida hurekebika zenyewe.

Kuiondoa hakuhitaji pilipili wala shubiri. Ianze kufichwa mchana, ibaki ya kulalia tu, kisha mtoto apewe kitu kingine cha kushika anapolala: kitambaa, mkono wa mama, hadithi fupi. Atalia usiku mmoja au miwili. Mtoto aliye na homa, aliyetoka hospitalini au aliyepata ndugu mpya wiki hiyo aachwe kwanza atulie, na zoezi lianze baadaye.