Tairi za Talladega: somo la uhandisi kutoka mbio za 1969

Katika ukurasa huu wa masomo tumeshasoma uchumi, sheria na hata lishe, ila sisi wahandisi tumekaa kimya mno. Leo nawaletea hesabu kidogo. Msikimbie jamani! Ni hesabu ya gari, na ndani yake kuna mgomo.

Kwa wale mliofika Marekani juzijuzi: ukiwa majimbo ya kusini siku ya Jumapili utakuta watu wamekodolea macho televisheni, magari karibu arobaini yanazunguka barabara ya duara kwa saa tatu au nne. Hiyo ndiyo NASCAR, mbio za magari ambayo kwa umbo yanafanana na yale ya dukani. Mwaka wangu wa kwanza niliona ni upuuzi mtupu. Yaani wanakwenda wapi hawa, mbona wanarudi pale pale? Mpaka jamaa mmoja wa maabara yetu, mwenyeji wa Alabama, aliponisimulia habari za Talladega 1969. Nikaenda kusoma, na tangu siku hiyo siwacheki tena.

Bill France, mwanzilishi wa NASCAR, alitaka uwanja mkubwa na wa kasi kuliko Daytona, uwanja wake wa Florida. Akaujenga Talladega, jimbo la Alabama, mahali palipokuwa na kiwanja cha ndege za kijeshi. Mzunguko mmoja ni maili 2.66, sawa na kilomita 4.28. Kona zake zimeinamishwa nyuzi 33. Kama huna picha ya nyuzi 33, fikiria paa la nyumba ya bati lililoezekwa vizuri. Sasa weka lami juu yake, halafu endesha gari huko kwa kilomita 320 kwa saa.

Kwa nini kona inainamishwa? Mwendesha baiskeli akikata kona hulala upande wa ndani bila kufundishwa na mtu. Gari haliwezi kulala, kwa hiyo wanailaza barabara. Hapo uzito wenyewe wa gari unasaidia kulivuta kuelekea ndani ya kona, na tairi zinapunguziwa kazi. Nikichukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 300, ambacho ni kipimo cha karibu kwa Talladega, mwinamo wa nyuzi 33 peke yake unatosha kulipitisha gari kwa kilomita 157 kwa saa bila msuguano wowote wa pembeni. Unaweza kupita hata barabara ikiwa na utelezi wa sabuni. Ukizidisha mwendo hapo, kila kinachobaki ni deni la tairi.

Deni lenyewe ni kubwa. Chukua kasi kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa nusu kipenyo. Kwa kilomita 321 kwa saa unapata mita 26.5 kwa sekunde mraba, karibu mara tatu ya mvutano wa dunia. Ili kujua tairi zinagandamizwa kiasi gani, zidisha hiyo kwa saini ya nyuzi 33 (0.545), jumlisha na 9.81 mara kosaini (0.839), kisha zidisha yote kwa uzito wa gari. Magari yale yalikuwa na tani moja na robo tatu hivi. Jibu ni kama tani 4. Yaani dereva anaingia kona na gari la tani 1.75, ndani ya kona anabeba mzigo wa lori, juu ya tairi nne tu, na zile za kulia ndizo zinazoumia zaidi kwa sababu mbio zinakwenda kushoto.

Hapa ndipo somo lenyewe linapoanza. Tairi haifi kwa uzito tu, inakufa kwa joto. Mnakumbuka tulivyokuwa tunatengeneza magari ya waya utotoni? Ukikosa koleo unaukunja waya huku na huku mpaka ukatike, na ukigusa palipokatika panaunguza kidole. Raba nayo ni hivyo hivyo. Kila tairi inapozunguka, sehemu iliyo chini inabonyea halafu inarudi, na kila kubonyea kunaacha joto kidogo ndani. Kwa mwendo ule tairi inabonyea na kurudi kama mara 40 kwa sekunde moja. Joto likiingia haraka kuliko linavyotoka, raba inaachana na nyuzi zilizo chini yake, inatoa malengelenge, halafu inabanduka vipande vipande.

Mjomba wangu aliendesha lori miaka mingi kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na kila aliposimama alimtuma utingo apitishe mgongo wa mkono kwenye tairi, moja baada ya moja. Iliyozidi wenzake joto ilikuwa na upepo mdogo, au inakaribia kupasuka. Mjomba hakusoma fizikia, lakini alikuwa anapima kitu sahihi. Shikeni neno hilo, kupima kitu sahihi, tutalirudia.

Basi, Septemba 1969 uwanja mpya ukafunguliwa na madereva wakaanza mazoezi. Charlie Glotzbach alifikisha maili 199.466 kwa saa, karibu kilomita 321, akiwa na Dodge Charger Daytona mpya, lile gari lenye pua ndefu na bawa refu nyuma. Mwendo huo ulikuwa mgeni kwa kila mtu, na tairi za Goodyear na Firestone hazikuuweza. Baada ya mizunguko michache tu zilikuwa zinachanika. Firestone wakajitoa kabisa.

Mwezi mmoja kabla, Agosti, madereva walikuwa wameunda chama chao na kumchagua Richard Petty kuwa rais. Wakamwambia France aahirishe mbio mpaka tairi zipatikane. Akakataa. Tiketi zilishauzwa, na watu walishaanza kuwasili. Na France hakuwa mwoga, tumpe haki yake. Akiwa na miaka 59 aliingia mwenyewe kwenye gari la mbio akazunguka uwanja ule kwa zaidi ya maili 170 kwa saa ili kuwaonyesha vijana kwamba panapitika.

Sasa tufanye hesabu ya onyesho lile. Tuseme alifika maili 175, yaani kilomita 282 kwa saa. Kutoka pale mpaka kasi ya Glotzbach ni nyongeza ya asilimia 14 tu, na mtu wa kawaida ataona tofauti ni ndogo. Lakini nguvu ya pembeni inayodaiwa kwa tairi inakwenda na mraba wa kasi, na mwinamo umeshalipa sehemu yake mwanzoni. Ukitoa sehemu hiyo, kazi ya tairi inaongezeka kwa zaidi ya asilimia 40! France alikuwa peke yake uwanjani, kwa mizunguko michache, bila mtu wa kumkimbiza. Alipima kama mzee anaweza kupita pale. Madereva walikuwa wanauliza kama tairi itamaliza mizunguko 188, maili 500, kilomita 805. Hayo ni maswali mawili tofauti, na jibu la la kwanza lilitolewa kana kwamba limejibu la pili.

Nasema hivi kwa sababu hata mimi limenikuta. Kabla ya kuja huku, kazini kwangu nilisaini pampu baada ya kuijaribu dakika ishirini, kwa kuwa mkubwa alikuwa na wageni siku inayofuata. Wageni wakapiga picha. Wiki ya tatu fani ikala shafti. Hakuumia mtu, ila saini ilikuwa yangu, si ya mkubwa.

Jumamosi tarehe 13 Petty na wenzake thelathini hivi wakapakia magari yao wakaondoka. Bobby Isaac alibaki, na ndiye nyota pekee. France akajaza nafasi kwa magari madogo yaliyokuwa yameshindana siku hiyo hiyo katika mbio nyingine pale pale, akawaahidi watazamaji kwamba kipande cha tiketi kitawaingiza kwenye mbio za baadaye, na Jumapili tarehe 14 bendera ya kijani ikapepea. Aliyeshinda ni kijana Richard Brickhouse, ndani ya lile gari namba 99 aliloliacha Glotzbach. Hakushinda tena mbio za ngazi ile maishani mwake.

Hakuna aliyekufa. Kwa hiyo wapo wanaosema mpaka leo kwamba madereva walipiga kelele za bure. Mimi sikubali. Waandaaji walisimamisha mwendo mara kwa mara kwa bendera ya njano ili timu zibadilishe tairi, na wengi waliobaki walikuwa na magari ya polepole. Wastani wa mshindi ulikuwa maili 153.778 kwa saa, vipindi vya njano vikiwemo. Mbio zilizokimbiwa si zile zilizogomewa. Mgomo wenyewe ndio uliobadilisha jaribio. Chama cha madereva, hata hivyo, hakikupata faida: miaka michache baadaye kilikufa.

Tairi zikaboreshwa upesi. Machi 1970 Buddy Baker akavuka maili 200 kwa saa pale pale. Kasi ikazidi kupanda mpaka 1987, Bill Elliott alipofikisha 212.809, na siku chache baadaye tairi ya Bobby Allison ikapasuka, gari likaruka na kuchana uzio mbele ya watazamaji. Kuanzia 1988 injini za Talladega na Daytona zikawekewa bamba la matundu la kupunguza hewa chini ya kabureta.

Na kwa mnaouliza kama mtu mweusi ana habari na uwanja ule: Wendell Scott, aliyeshinda mbio za NASCAR mwaka 1963, aliumia vibaya Talladega mwaka 1973. Mweusi wa pili kushinda katika ngazi hiyo ni Bubba Wallace, tarehe 4 Oktoba 2021, na alishinda hapo hapo Talladega.

Zoezi kwa wenye kalamu: rudieni hesabu ya mgandamizo kwa kasi ya Elliott, kilomita 342.5 kwa saa, gari na kona zile zile. Mimi nimepata tani 4.4. Aliyepata tofauti anitafute baada ya mkutano, aje na karatasi yake.