Mafigo ya Wazee na Chakula cha Kujenga Mwili

Maharagwe, maziwa na nyama tukishakula huvunjwa-vunjwa matumboni kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Damu huzisambaza mwilini. Mafigo yakichuja damu huzirudisha, zisipotee kwa mkojo. Tena figo lenyewe lina kiwanda chake: hugeuza sitrulini kuwa arjinini, na fenilalanini kuwa tairosini.

Kuanzia miaka 40 hivi, nguvu ya kuchuja hupungua polepole kwa watu wengi. Figo likiugua hasa, sitrulini hurundikana kwenye damu, tairosini nayo hupungua.

Sasa wengine wakisikia hivyo wanamnyima mzee maharagwe, anabaki na ugali na chai ya rangi. Hapana! Uzee peke yake si ugonjwa wa figo. Mahindi yana lisini kidogo, maharagwe yanayo ya kutosha. Ndiyo maana githeri ni chakula cha maana, mradi iive hadi ilainike kwa asiye na meno.

Lakini mwenye sukari au presha apelekwe kupimwa damu na mkojo. Akionekana figo ni mbaya, daktari ndiye atampangia kiasi cha protini. Na zile dawa za maumivu za dukani kama ibuprofeni, asizimeze kila siku bila kuuliza. Zinaweza kuumiza mafigo.