Disasi Makulo na Wanyang'anyi wa Mto

Tazameni ramani ya Kongo. Fuateni mto kutoka Kisangani kwenda chini. Mtaona Yangambi, na mbele zaidi Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto mkubwa. Barumbu iko upande huo. Siku hizi mitumbwi hupita huko ikiwa imebeba ndizi, mihogo na samaki. Zamani palikuwa na mitumbwi ambayo watu walipoiona walikimbia.

Baharini kuna maharamia wanaovamia merikebu. Mto Kongo nao ulikuwa na maharamia wake. Karibu na mwaka 1883 watu wenye bunduki walishuka kutoka maporomoko ya Kisangani. Walikuwa watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Unguja. Walitafuta pembe za ndovu na watumwa. Walichoma vijiji, wakaua waliojitetea, wakawafunga wanawake na watoto. Wenyeji waliwaita Batambatamba. Ngoma zilipotangaza habari zao, watu walikimbilia mwituni.

Mwezi wa Novemba 1883 msafiri Stanley alifika huko na merikebu zake, akaona kambi ya wanyang'anyi. Alikadiria kwamba mateka walikuwa 2,300, wanawake na watoto.

Katika nchi hiyo, kijijini Bandio, alizaliwa mtoto wa Waturumbu ambaye baadaye aliitwa Disasi Makulo. Baba yake alikuwa Asalo, na mama yake Boheheli. Siku moja, alipokuwa pamoja na jamaa zake, Batambatamba waliwakamata. Wakati huo alikuwa mtoto tu, umri wenu ninyi.

Stanley alimnunua Disasi pamoja na watoto wengine. Basi akatoka mikononi mwa wanyang'anyi, lakini hakurudishwa kwa mama yake. Alipelekwa mbali sana, mpaka Kinshasa, akawekwa kuwa mtumishi wa Mwingereza mmoja, Swinburne. Kisha akakaa na mmisionari Mprotestanti, George Grenfell. Kwake alijifunza kusoma na kuandika, akasafiri naye mtoni katika merikebu iliyoitwa Peace, maana yake Amani.

Miaka ikapita. Mtoto akawa kijana. Siku moja merikebu ikafika katika nchi yake, naye akaonana tena na wazazi wake. Furaha ilikuwa kubwa, maana nani alitazamia kumwona tena mtoto aliyechukuliwa na Batambatamba?

Lakini pale nyumbani Disasi aliona jambo lililomchoma moyo. Wazazi wake nao walikuwa na watumwa. Angeweza kunyamaza. Watumwa hao hawakuwa ndugu zake, na siku ile ilikuwa siku yake ya kushangiliwa. Hakunyamaza. Alijua utumwa ni nini, kwa kuwa yeye mwenyewe aliuonja. Akaamua waachwe huru.

Baadaye Disasi alirudi kukaa karibu na kwao, akafanya kazi ya kufundisha watu katika misioni ya Yalemba. Alikufa mwaka 1941. Habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa kuwa kitabu huko Kinshasa mwaka 1983.

Watoto, fikirini jambo hili. Mara nyingi mtu aliyeonewa hutafuta aliye mdogo kuliko yeye, naye akamwonea. Mvulana mkubwa humpokonya mwenzake muwa njiani. Yule aliyepokonywa hufika nyumbani, akampokonya mdogo wake ndizi. Hivyo ubaya hupita kutoka mkono hata mkono, kama kamba iliyowafunga mateka shingo kwa shingo. Ni lazima apatikane mmoja wa kuikata. Disasi hakusahau mabaya aliyotendewa. Aliyakumbuka vema, na kwa sababu aliyakumbuka, hakutaka mwingine ateswe vile vile.

Wazee husema: wema hauozi.

MASWALI

1. Onyesheni katika ramani Kisangani, Yangambi na Basoko.
2. Batambatamba walikuwa watu gani? Walitafuta nini?
3. Stanley alimtendea Disasi wema gani? Ni jambo gani hakumtendea?
4. Kwa nini Disasi alitaka watumwa wa nyumbani kwao waachwe huru?
5. Mwenzako amekupokonya kalamu. Utafanya nini ili ubaya huo usimfikie mtu mwingine?