Kudai Marejesho kwa Kampuni ya Kutuma Barua Pepe za Biashara

Somo hili linahusu huduma ambayo zamani isingetajwa kabisa katika kijitabu cha watumiaji wa Pemba. Leo mwenye nyumba ya wageni huko Makangale, mwenye boti za kupeleka watalii Misali, au kikundi cha akina mama kinachotengeneza sabuni za karafuu Wete, anaweza kuwaandikia wateja mia tano kwa mara moja kupitia kampuni ya ng'ambo inayotuma barua pepe kwa niaba yake. Barua hizo huleta biashara, nasi hatuna neno juu yake. Tunalotaka kulisomesha ni hali inayotokea pale mteja anapotaka fedha zake zirudi.

Dukani Chake Chake mnunuzi asiyeridhika humrudia muuzaji na risiti mkononi, wakasemezana uso kwa uso, na pengine majirani wakawa mashahidi. Katika huduma hii hakuna kaunta. Fedha hukatwa kwa dola kutoka kwenye kadi, na anayejibu malalamiko ni mtu wa zamu asiyejulikana jina wala mji. Kilichobaki kuwa badala ya kaunta ni maandishi ya mkataba, yale masharti ambayo wengi wetu huyapitia kwa kidole hadi kwenye kitufe cha "nakubali". Kwa hiyo mgogoro wa marejesho, kwa sehemu kubwa, huamuliwa siku ya kujisajili, kabla senti moja haijatoka.

Tuanze na kinachouzwa. Kampuni nyingi za aina hii haziuzi barua moja moja; huuza nafasi ya kuweka anuani. Bei hupanda kwa ngazi: anuani mia tano kwa bei hii, elfu moja kwa bei ile. Orodha ikivuka ngazi, bei nayo huvuka, mara nyingi bila ya mteja kuulizwa tena, kwa kuwa alikwisha kukubali hilo katika masharti. Ziko kampuni zinazohesabu hata wapokeaji waliokwisha kujiondoa, madhali anuani zao bado zimo katika orodha. Mteja anayeshangaa kutozwa zaidi ilhali wasomaji wake wamepungua huwa hajaibiwa; hakusafisha orodha yake. Dai la aina hiyo halifiki mbali, na ni afadhali kulijua mapema kuliko kupoteza mwezi mzima katika kuandikiana.

Dai lenye uzito zaidi hutokana na usajili unaojihuisha wenyewe. Tuchukue mfano tulioutunga, ingawa mwenye nyumba ya wageni yeyote wa kaskazini ya kisiwa ataitambua hali yake. Nyumba inajisajili mwezi wa Machi kwa majaribio ya bure, kwa nia ya kuwakumbusha wageni wa zamani kabla ya msimu wa Julai. Kadi inaombwa tangu siku ya kwanza. Kisha masika inaingia, wageni wanakatika, mapokezi yanafungwa, na kompyuta inafunikwa kitambaa. Majaribio yanakwisha, usajili unageuka kuwa wa kulipia, na kampuni inakata fedha mwezi wa Aprili, wa Mei na wa Juni bila ya barua hata moja kutumwa. Mwenye nyumba anapofungua hesabu yake husema: sikutumia chochote, nirejesheeni. Kampuni hujibu: huduma ilikuwa wazi kwako, kutoitumia ni hiari yako.

Nani ana haki hapa? Kwa maoni yetu, jibu liko katika tarehe na katika ukurasa wa kujisajili. Ikiwa bei, tarehe ya kuanza kukatwa na njia ya kujitoa vilionyeshwa bayana, dai la miezi mitatu ni dhaifu, na kilicho karibu kupatikana ni mwezi wa mwisho kwa njia ya kuombana. Ikiwa vilifichwa, au kitufe cha kujitoa hakikufanya kazi, dai lina nguvu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki Na. 13 ya mwaka 2015, iliyopitishwa na Bunge la Muungano, inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe, aeleze anachouza na bei yake, na ampe mnunuzi nafasi ya kuikagua oda na kusahihisha makosa kabla hajaikamilisha. Sheria hiyohiyo inazipa rekodi za kielektroniki nafasi ya kuwa ushahidi, na ndiyo sababu tunasisitiza picha za skrini. Ukurasa wa bei unaweza kubadilishwa usiku mmoja, lakini picha uliyoipiga siku ya kujisajili haibadiliki.

Mambo haya hayawasumbui wadogo peke yao. Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 ili kumaliza shauri lililofunguliwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani. Madai yalikuwa kwamba wateja waliingizwa katika usajili wa Prime bila ya ridhaa ya kweli, kisha wakawekewa njia ndefu ya kujitoa. Katika fedha hizo, dola bilioni 1.5 zilitengwa kuwarejeshea wateja. Huduma ile haikuwa ya barua pepe, lakini mtego ni uleule.

Tunapaswa hapa kuonya juu ya kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Mtu husikia kwamba katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kughairi bila ya kutoa sababu, akamwandikia muuzaji wa Ulaya kwa kujiamini. Haki hiyo ipo kweli, lakini imewekwa kwa mtu anayenunua kwa matumizi yake binafsi, si kwa anayenunua kwa ajili ya biashara. Kampuni za kutuma barua za biashara huandika wazi katika masharti kwamba mteja wao ni mfanyabiashara. Kwa sentensi hiyo moja milango mingi ya ulinzi hufungwa. Soma pia mahali palipoandikwa sheria ya nchi gani itatumika na mahakama ipi itasikiliza. Mara nyingi ni mahakama ya mji ilipo kampuni, na nauli ya kufika huko itazidi deni lenyewe mara nyingi.

Hali ni nyingine ikiwa aliyekuuzia ni wakala wa hapa Zanzibar, kwa mfano fundi wa tovuti aliyekusanya fedha za mwaka mzima akaahidi kukutumia barua. Huyo ni mfanyabiashara wa hapa. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Kwa Tanzania Bara kazi kama hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003. Mdai wakala risiti inayosema umelipia nini, kwa muda gani, na usajili umeandikwa kwa jina la nani. Likiwa limeandikwa jina la fundi, siku mtakapokosana ataondoka na orodha ya wageni wako, na hasara hiyo ni kubwa kuliko fedha.

Malipo ya mwaka yanahitaji hesabu. Tuseme bei ni dola 20 kwa mwezi, na anayelipa mwaka kwa mkupuo hupunguziwa asilimia 15. Mwaka mzima kwa bei ya kawaida ni dola 240. Baada ya punguzo ni dola 204. Mteja anatumia miezi miwili, kisha anaghairi. Yeye hugawa 204 kwa 12 akapata dola 17 kwa mwezi, na kwa miezi kumi iliyobaki anadai dola 170. Kampuni yenye masharti ya marejesho ya sehemu huenda ikasema: punguzo lilikuwa la anayemaliza mwaka, nawe hukumaliza, basi miezi miwili inahesabiwa kwa bei kamili, dola 40, na unarejeshewa 164. Nyingine hairejeshi kitu, bali hukuacha uitumie huduma mpaka mwaka uishe. Njia zote hizo zaweza kuwa halali kwa mujibu wa mkataba. Ndiyo maana hatumshauri mtu kulipia mwaka kwa huduma asiyoijaribu walau msimu mmoja. Dola 36 za punguzo hazilingani na dola 204 zilizofungwa.

Mgogoro mchungu kuliko yote ni wa hesabu kufungiwa. Mteja amelipa leo, kesho anatuma barua elfu moja, keshokutwa anaambiwa amevunja masharti na fedha hazirudi. Huonekana kama dhulma, lakini kuna sababu ya kiufundi inayofaa kuelezwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimeweka masharti makali kwa wanaotuma barua nyingi: mtumaji athibitishe kwamba anuani anayotumia ni yake, mpokeaji aweze kujiondoa kwa kubofya mara moja, na wanaolalamika kuwa barua ni taka wasifike asilimia 0.3. Katika barua elfu moja, hao ni watu watatu tu. Mteja mmoja mwenye orodha chafu huweza kuharibu sifa ya mitambo inayotumiwa na wateja wengine wengi, na kampuni humkata haraka ili kuwanusuru waliobaki.

Basi jiulize orodha ilitoka wapi. Ikiwa anuani zilinakiliwa kutoka kitabu cha wageni, au zilinunuliwa, mdai atakuwa anadai huku amesimama juu ya kosa lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti juu ya kukusanya na kutumia taarifa za watu, anuani zao zikiwemo. Mgeni aliyeandika anuani yake ili apokewe na gari bandarini Mkoani hakukubali kuletewa matangazo ya bei kwa miaka mitano. Lakini ikiwa kila mpokeaji aliridhia na ushahidi upo, andika na uombe ifafanuliwe ni sharti lipi limevunjwa. Kampuni iliyokata huduma bila ya kosa la mteja haina hoja nzuri ya kushikilia fedha za siku ambazo hazijatumika.

Sasa njia ya kudai. Kabla ya neno lolote la ugomvi, pakua orodha yako ya anuani na uihifadhi mahali pako mwenyewe. Kisha ghairi usajili kwa kitufe kilichowekwa, si kwa barua ya lawama peke yake, na upige picha ya uthibitisho wenye tarehe. Kumaliza salio la kadi, au kuifunga, si kughairi. Mkataba unaendelea na deni linaweza kuandikwa. Baada ya hapo andika barua fupi. Ya Kiingereza itasomwa haraka zaidi, lakini maudhui yake yawe kama haya:

"Tulijisajili tarehe 4 Machi kwa majaribio ya siku 14. Tarehe 18 Machi tuliomba kughairi kwa njia mliyoielekeza, uthibitisho umeambatanishwa. Hata hivyo mmekata dola 20 tarehe 18 Aprili na dola 20 tarehe 18 Mei. Tunaomba dola 40 zirejeshwe katika kadi ileile ndani ya siku kumi za kazi. Tusipopata jibu tutawasilisha pingamizi benki kwetu."

Tazama kwamba hamna tusi, hamna kisa cha maisha, na hamna kiasi kisichoweza kuthibitishwa. Anayeisoma anaweza kuamua bila ya kuuliza swali lolote.

Ikikataliwa, au ukimya ukizidi, nenda kwa aliyekupa kadi, iwe benki au kampuni ya simu iliyokupa kadi ya mtandaoni, ukaombe pingamizi la malipo. Benki yako hupeleka dai kupitia mtandao wa kadi hadi benki ya muuzaji, naye hupewa nafasi ya kujitetea kwa kumbukumbu za siku ulizoingia na masharti uliyoyakubali. Kwa malalamiko mengi, Visa na Mastercard huweka ukomo wa siku 120, na benki nyingine hutaka kuarifiwa mapema zaidi, kwa hiyo usingoje msimu uishe. Na useme kweli juu ya sababu. Karani akiuliza, "Mama, malipo haya uliyafanya mwenyewe?" usijibu kuwa kadi imeibiwa ilhali uliyaanzisha wewe. Jibu sahihi ni kwamba uliridhia malipo ya mwanzo, ukaghairi tarehe fulani, nao wakaendelea kukata. Dai la wizi lisilo la kweli huanguka mara tu kumbukumbu zinapoletwa, na likianguka si rahisi kulifufua kwa sababu nyingine.

Benki yenyewe ikikataa kushughulika, Benki Kuu ya Tanzania, yenye tawi lake Zanzibar, ina dawati la kupokea malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Sharti uwe umeanza kwanza kwa benki yako na una maandishi ya kuonyesha. Kwa kampuni ya ng'ambo unaweza pia kutoa taarifa katika tovuti ya econsumer.gov, inayotumiwa na mamlaka za kulinda watumiaji za nchi mbalimbali. Taarifa hiyo husaidia mamlaka kuwaona wakosaji wa kudumu, lakini haiamui shauri lako.

Fedha zikirudi, usishtuke kuona upungufu. Muuzaji hurejesha dola, na benki huzigeuza shilingi kwa bei yake ya siku hiyo, ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ile iliyotumika kukukata. Tuseme ulikatwa kwa shilingi 2,700 kwa dola na ukarejeshewa kwa 2,600: dola 164 zitarudi zikiwa pungufu kwa shilingi 16,400, hata kama muuzaji amelipa kila senti. Upungufu huo ulizia benki, na uulizie pia kama ada ya muamala wa nje iliyokatwa mwanzo nayo hurejeshwa, kwa kuwa baadhi ya benki huirejesha pale tu mteja anapoiomba.