Karo ya Mtoto Mwenye Ugumu wa Kujifunza: Maswali ya Wazazi wa Meru na Embu

Mtoto wa Gredi ya 4 anakokotoa chenji kwenye kibanda cha mamake pale Runyenjes bila kugusa kalamu. Mpe aya fupi asome, anaanza kutokwa na jasho. Kwenye daftari lake "dada" amegeuka "baba", na kesho yake "baba" amegeuka "dada". Mwalimu amemwita mvivu, na nyumbani amechapwa.

Huenda mtoto huyo ana disleksia, au hali nyingine inayofanya kusoma, kuandika au kutulia darasani kuwe kugumu ingawa akili yake ni timamu. Zipo shule za kibinafsi zinazowafundisha watoto wa aina hii, kwa mfano Rare Gem Talent School ya Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Tatizo huja mzazi anapotajiwa karo.

Je, nianze kwa kutafuta shule?

Hapana. Anza na tathmini. Nenda kwenye kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, ambacho walimu wanakiita EARC. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu nawe. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo hufanya tathmini. Chukua daftari za mtoto, ripoti zake za mihula iliyopita na cheti cha kuzaliwa, kisha usiondoke bila ripoti iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Ripoti hiyo ndiyo shule na wafadhili watakayoiitisha. Baraza la Mitihani la KNEC pia huitaka kabla ya kumpangia mtahiniwa mwenye mahitaji maalum utaratibu wake wa mtihani, kama vile muda wa ziada. Mzazi asiye na ripoti anaomba huruma tu, na huruma haina fungu kwenye bajeti.

Karibu na nyumbani hakuna msaada?

Shule maalum za umma zinazojulikana zaidi upande huu, kama Kaaga ya viziwi mjini Meru na St. Lucy ya wasioona kule Igoji, zilijengwa kwa mahitaji mengine. Mtoto mwenye disleksia mara nyingi hubaki shule ya kawaida. Hata hivyo, uliza kama shule ya umma iliyo jirani ina kitengo maalum au mwalimu aliyesomea elimu ya mahitaji maalum. Serikali imekuwa ikitenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, na nyongeza ya shilingi 2,300 kwa mwenye mahitaji maalum. Ni pesa kidogo, na hata hizo hazimfuati mtoto anapohamia shule ya kibinafsi. Kule karo yote ni juu yako.

Shule huamuaje nani apunguziwe karo?

Msaada wa aina hii hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia, si alama za mtoto. Shule hutazama mapato ya nyumbani, idadi ya watoto wanaosoma, na mzigo mwingine kama matibabu au mkopo, kisha inapima pengo kati ya karo na kile unachoweza kulipa. Ni nadra pengo lote kuzibwa. Tarajia punguzo la sehemu, au ruhusa ya kulipa kwa awamu.

Wengi hukwama kwenye jambo hili: shule nyingi hazitangazi punguzo. Usipouliza, hutaambiwa. Uliza kwa barua kabla ya mtoto kusajiliwa, na uulize maswali ya senti kwa senti. Je, punguzo ni la masomo pekee, au linagusa bweni, chakula na vipindi vya mtaalamu wa lugha? Je, ni la muhula mmoja au la mwaka mzima? Mzazi wa Maua anayempeleka mtoto Kitengela ana nauli ya kwenda na kurudi kila likizo, na nauli hiyo hakuna atakayeipunguza.

Mimi ni mkulima, sina hati ya mshahara. Nitathibitishaje mapato?

Mwenye majani chai katika viwanda kama Githongo, Kinoro, Rukuriri au Mungania ana rekodi ya kilo alizouza na malipo ya kila mwezi. Toa pia rekodi ya bonasi. Ukiificha bonasi, karani anayejua chai atakugundua mara moja, maana anajua inalipwa lini. Mkulima wa kahawa apate taarifa ya malipo kutoka kwa chama chake cha ushirika. Muuza miraa ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu pesa zake hupanda na kushuka. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 husema mengi kuliko barua ya chifu. Barua ya chifu ipeleke pia, hasa kama mtoto ni yatima au analelewa na nyanya yake.

Usijifanye maskini kuliko ulivyo. Msaada hukaguliwa upya kila mwaka, na uongo mmoja hufuta mwaka wa pili.

Basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, na za kaunti je?

Omba, lakini usizitegemee peke yake. Uliza kwanza kama wanalipa shule ya kibinafsi, na kama lipo fungu la shule maalum. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba Sheria ya NG-CDF ya 2015 inakiuka Katiba. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitishe basari hadi zifikie makubaliano na serikali kuu, na mvutano ukazuka. Mtoto anayehitaji shule kwa miaka 6 hawezi kuning'inia kwenye mifuko ambayo imekuwa ikibishaniwa kortini.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, nalo hutoa msaada wa elimu kwa waliosajiliwa. Usajili hupitia tathmini ya hospitali ya umma. Wazazi wengine hukataa wakiogopa mtoto ataitwa mlemavu. Hilo ni la familia kuamua, ila Kifungu cha 260 cha Katiba kimeufafanua ulemavu kwa upana, hakikuishia kwenye viungo, macho na masikio.

Na nikinyimwa?

Omba sababu kwa maandishi, rekebisha kilichokosekana, uombe tena. Barua ya mwaka ujao ifike shuleni kabla ya muhula wa tatu kwisha. Ukingoja Januari, huenda ukakuta pesa za punguzo zimekwisha kugawiwa.